Aizawl FC: ilishushwa daraja 2016, ikabeba ubingwa wa India 2017

Ngoja nianze na kitu ambacho wasimuliaji wengi wa kisa hiki wanakiruka. Hii timu ilikuwa imeshashuka daraja. Yani msimu wa 2015/16 wa I-League, ambayo wakati ule ndo ilikuwa ligi kuu ya India, Aizawl FC walimaliza nafasi ya 8 kati ya timu 9, wakaambiwa haya asanteni, rudini mlikotoka. Mwaka mmoja baadae wakawa mabingwa wa nchi yenye watu zaidi ya bilioni moja.

Alafu kuna kitu kinachekesha kama hakikuhusu. Aliyemaliza wa 9, wa mwisho kabisa, hakushuka. Ilikuwa timu ya DSK Shivajians kutoka Pune, walioingia ligi kwa mlango wa makampuni: unalipa, unaingia moja kwa moja bila kupanda kutoka chini, na kwa miaka ya mwanzo una kinga ya kutoshuka. Kwahiyo mkia wa msimamo ukabaki, aliyekuwa juu yake akakatwa. Aizawl walikuwa wamepanda kihalali, walichukua ubingwa wa daraja la pili 2015, wakatoka jasho lao, na msimu uleule wa kushushwa walifika mpaka fainali ya Federation Cup, kombe la shirikisho, Mei 2016 kule Guwahati, ingawa fainali yenyewe Mohun Bagan ya Kolkata waliwapiga 5-0, kipigo cha mbwa koko tusidanganyane.

Naandika hii kwasababu nimechoka kusoma "Leicester ya India, muujiza wa milimani" (Leicester wale waliobeba ligi ya Uingereza 2016 bila kutarajiwa) alafu stori inaishia hapo. Sasa muujiza unauchambuaje? Ukishasema muujiza umeshafunga mjadala. Mi naona kisa cha Aizawl kina hesabu yake, na ukiifuata hiyo hesabu utaona pia kwanini walivyofika juu walikuta mlango umefungwa.

Twende mlimani kwanza. Aizawl ni makao makuu ya Mizoram, jimbo dogo pembeni kabisa kaskazini mashariki mwa India, limebanwa kati ya Bangladesh na Myanmar. Sensa ya 2011 iliwahesabu watu milioni 1.1 jimbo zima, kwahiyo katika kila Wahindi 1,000 Mmizo ni mmoja tu, na hata huyo mmoja hatimii. Mji wenyewe umekaa mgongoni mwa mlima, nyumba zimepandiana kwenye miteremko, unaingilia mlango wa mbele toka barabarani kumbe nyuma kuna ghorofa tatu zinashuka bondeni. Sehemu tambarare ya kuweka uwanja wa mpira kule ni kama dhahabu. Wanao mmoja katikati ya mji, Lammual, na mwingine mkubwa wa Rajiv Gandhi uko Mualpui, juu ya kilima, na vyote viliwekwa nyasi bandia maana mvua ya kule si mchezo, ukitegemea udongo utacheza kwenye matope nusu mwaka.

Historia yao na Delhi, yani serikali kuu ya India, haikuwa nzuri. Kule kuna balaa linaitwa mautam: kila baada ya karibu nusu karne mianzi inachanua kwa pamoja, panya wanakula zile mbegu wanazaliana kama hawana akili, zikiisha wanahamia mashambani na maghalani. 1959 likaja hilo balaa, watu wakafa njaa, waliona serikali imewapuuza, na kile chama kilichoundwa kusaidia wenye njaa kikageuka kuwa chama cha ukombozi. 1966 wakaasi, na ndege za jeshi la anga la India zikaupiga mabomu mji wa Aizawl, ndio, nchi ikaupiga mji wake yenyewe. Amani ilisainiwa 1986, 1987 wakawa jimbo kamili. Mpaka leo kijana wa Mizoram akienda Delhi kusoma anaweza kuitwa Mchina mtaani kwasababu ya sura yake. Nataja hii sio kwa kutafuta huruma, ni ili ujue ile jezi nyekundu ilivyokuwa ikivaliwa ilikuwa imebeba nini.

Sasa hapa ndo panapoanza hesabu.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kijana mmoja anaitwa Shylo Malsawmtluanga, wao wanamwita Mama (usicheke, ndo jina lake la mpira), alitoka kwenye akademi ya Tata akasajiliwa East Bengal ya Kolkata. Kwa msomaji wa Dar, East Bengal na Mohun Bagan we waweke tu kama Simba na Yanga na umemaliza, mji mmoja, timu mbili, historia ndefu, Bagan wameanzishwa 1889 na wenzao 1920. Mama akawa staa kule. Na kila mtoto wa Mizoram akaona kumbe mpira unaweza kulipa, maana kabla ya hapo kazi ya ndoto ilikuwa ajira serikalini.

Lakini staa mmoja hajengi ligi. Kilichojenga ni 2012, pale chama cha mpira cha Mizoram kilipoamua kuanzisha ligi yao ya jimbo, Mizoram Premier League, timu 8, na wakafanya kitu cha akili sana: wakauza haki za matangazo kwa kampuni ya kebo ya palepale, Zonet. Mkataba wa miaka 5, rupia milioni 12.5. Ukigawanya ni milioni 2.5 kwa mwaka, kwa wakati ule kama dola elfu 45 hivi, hela ambayo klabu kubwa ya Kolkata inamlipa mchezaji mmoja. Ila kwa Mizoram ilibadilisha kila kitu. Kwasababu sasa mechi inaonekana sebuleni, kwa lugha yao, watangazaji wao, na timu zenyewe nyingi zina majina ya mitaa: Dinthar, Chanmari, Luangmual. Bingwa wa kwanza alikuwa Dinthar. Fikiria mtaa wenu una timu inaonyeshwa laivu kwenye tv na mama ntilie anajua jina la beki wa kushoto, hebu niambie mtoto gani wa mtaa huo hatataka kuwa beki wa kushoto.

Matokeo hayakuchelewa. Machi 2014 timu ya jimbo ilichukua Santosh Trophy, mashindano ya majimbo ya India, kwa mara ya kwanza katika historia yao, fainali waliwafunga Railways, timu ya shirika la reli, 3-0 kule Siliguri. Miaka miwili tu toka ligi ianze! Kwahiyo mtu akikwambia Aizawl FC walitokea hewani 2017 mwambie akaangalie 2014, na akitoka hapo akaangalie 2012.

Klabu yenyewe imeanzishwa 1984, ilikuwa klabu ya kawaida tu mpaka alipoichukua mfanyabiashara Robert Romawia Royte, mtu wa palepale, ambaye baadae aliingia siasa na 2018 akawa waziri wa michezo wa jimbo. Tajiri wa mkoani huyo, sio bilionea. Hela zake zilikuwa zinatosha kuendesha timu, hazitoshi kununua timu, kama mnanielewa tofauti.

Haya, turudi kwenye kushuka daraja. Katikati ya 2016 shirikisho la India, AIFF, likatoa mpango wake wa ligi mpya, na kwenye ule mpango ISL (Indian Super League), ligi ya matajiri iliyoanza 2014 na majina ya kina del Piero na waigizaji wa sinema kama wamiliki, ndo iwe ya juu, I-League iwe chini yake. Klabu za jimbo la Goa zikakasirika. Salgaocar na Sporting wakasema sisi hatuchezi tena, wakajitoa, na Dempo nao ambao ndo kwanza walikuwa wamepanda wakajitoa. Ghafla ligi ina mashimo. Aizawl hawakukaa kimya, walipiga kelele toka siku waliyoshushwa, wakapeleka barua, wakasema jamani tumefika fainali ya kombe na tumemaliza juu ya timu mliyoibakiza, haki iko wapi. Na AIFF ikawarudisha.

Kwahiyo ndio, bahati ipo, siikatai. Kama Goa wasingesusa leo nisingekuwa naandika hapa. Ila bahati ilimkuta mtu ambaye alikuwa hajafunga virago.

Walivyorudishwa hawakuwa na kocha wa maana kwa msimu mpya, na ligi inaanza Januari. Desemba wakamchukua Khalid Jamil. Huyu jamaa amezaliwa Kuwait 1977, wazazi Wahindi, akacheza mpira India, magoti yakamsumbua akaingia ukocha mapema, na toka 2009 mpaka 2016 alikuwa kocha wa Mumbai FC. Miaka saba anafanya kazi moja ileile: timu haina hela, haina mashabiki, kazi yako isishuke daraja. Na hakuwahi kushuka. Shukrani yake? Wakamtimua. Na kwenye magazeti alikuwa anaonekana kocha wa kujilinda, mpira wake hauna raha, hazungumzi, kwenye benchi ukimwangalia midomo inacheza tu kama anaomba dua.

Khalid akapanda mlima na watu wake wachache aliowajua Mumbai FC, beki Ashutosh Mehta na kiungo wa pembeni Jayesh Rane. Kipa Albino Gomes wa Goa. Maproo wanne: Alfred Jaryan wa Liberia kiungo mkabaji, Eze Kingsley wa Nigeria beki wa kati, Kamo Bayi wa Ivory Coast straika, na Mahmoud Al-Amna, kiungo Msyria, ambaye kwangu mimi ndo alikuwa injini, alikuwa na miaka thelathini na ushee, hakimbii sana, ila mpira ukifika kwake unatulia. Waliobaki ni watoto wa nyumbani: Zohmingliana Ralte, Lalruatthara, Brandon Vanlalremdika, Laldanmawia Ralte, wengi wao wamepitia ileile ligi ya kebo.

Bajeti ya msimu mzima iliripotiwa kuwa karibu crore 2. Crore moja ni milioni 10, kwahiyo rupia milioni 20, kama dola laki tatu kwa kiwango cha 2017. Hiyo namba ishike, tutaihitaji mbele.

Alichofanya Khalid sio sayansi ya roketi. Aliichukua ile kasi ya Wamizo, maana hawa vijana ni wafupi, wepesi, wanakimbia mlimani toka utotoni, akawaambia muda mwingi kaeni nyuma mjipange, mkipata mpira mpeni Amna, alafu nyie wa pembeni kimbieni. Basi. Nyumbani wageni walikuwa wanakuja wamechoka, maana kufika Aizawl sio kama kwenda Mumbai, unapita Kolkata au Guwahati, unatua Lengpui, alafu kama kilomita 30 za kona juu ya kona mpaka mjini. Unashuka kwenye basi kichwa kinazunguka, kesho yake unakutana na kapeti la nyasi bandia, na uwanja mzima unaimba. Mechi zinapigwa mchana kwasababu kule jua linazama mapema sana, India nzima inatumia majira ya saa yaleyale kutoka magharibi mpaka mashariki kwahiyo wao wa mashariki wakati wa baridi saa kumi na moja jioni ni giza.

Walianza na sare ya 1-1 ugenini kwa East Bengal (East Bengal wa msimu ule walikuwa na beki Mganda, Ivan Bukenya, kwa wale wanaofuatilia Waganda). Kwa Bagan huko Kolkata walipigwa 3-2. Watu wakasema sawa, wamejitahidi, wasishuke tu tena. Lakini wakawa hawashuki. Wiki zinakwenda wako wa tatu, wa pili, wa kwanza, wa pili, na Kolkata wanaambiana watadondoka tu, timu ndogo zinadondoka Machi. Machi ikapita.

Nisimame kidogo kwenye msimamo wa mwisho maana una funzo ambalo wengi hawalioni. Mohun Bagan kwenye mechi 18 walifungwa 2 tu. Aizawl walifungwa 3. Bingwa alifungwa mara nyingi kuliko wa pili! Tofauti iko kwenye sare: Bagan sare 6, Aizawl 4. Aizawl ushindi 11, Bagan 10. Pointi 37 kwa 36. Ile timu iliyosemwa ina kocha wa kujilinda ndo iliyokuwa inatafuta ushindi, na timu ya matajiri yenye mastaa kama Sony Norde na Katsumi ndo iliyokuwa inagawana pointi. Tuwe wakweli pia, Bagan wakati huohuo walikuwa wanacheza AFC Cup, kombe la klabu za Asia, wanaruka huku na huku katikati ya wiki, miguu mizito. Aizawl hawakuwa na mashindano mengine ya kuwachosha. Hiyo ni sehemu ya hesabu, usiifiche ili muujiza ung'ae.

Sasa tarehe 22 Aprili 2017, Jumamosi. Siku moja kabla Khalid alikuwa ametimiza miaka 40. Mechi ya pili toka mwisho, Bagan wamepanda mlima, timu zote mbili ziko sawa kwa pointi, 33 kwa 33. Straika wa India aliyekuwa Bagan msimu ule ni Jeje Lalpekhlua, mtoto wa Mizoram, yani mashabiki wanashangilia timu ya nyumbani impige kijana wa nyumbani. Uwanja umefurika mpaka kwenye ule mteremko wa juu watu wamekaa kwenye majani. 0-0 mapumziko. 0-0 dakika ya 60, ya 70, ya 80. Sare inawafaa Bagan zaidi maana wao mechi ya mwisho wako nyumbani kwa Chennai City, Aizawl wanatoka. Dakika ya 83, krosi inaingia, Zohmingliana Ralte, beki huyo, mtoto wa hapohapo, anaruka juu ya wanaume wawili wanaomzidi urefu anaipiga kichwa. 1-0. Nimeiangalia ile klipu mara nyingi na kitu ninachokiangalia sio goli, ni Khalid. Anakimbia hatua mbili tatu alafu anajikumbuka, anarudi.

Kwahiyo mechi ya mwisho sare inatosha. Tarehe 30 Aprili, Shillong, dhidi ya Shillong Lajong, majirani wa jimbo la Meghalaya. Siku ilikuwa Jumapili, na hapa lazima nikwambie kitu: Wamizo karibu 9 kati ya 10 ni Wakristo, na Jumapili Aizawl inafungwa, maduka kimya, barabara tupu, watu kanisani asubuhi na jioni tena. Mechi kubwa kuliko zote katika historia ya jimbo imeangukia siku ya Bwana. Nadhani siku ile maombi yalikuwa na mada moja.

Dakika ya 9 Dipanda, Mkameruni wa Lajong, anafunga. Kolkata wakasikia. Bagan wakishinda wanaibeba, na kweli walishinda 2-1. Aizawl wanahangaika, kipindi cha kwanza kinaisha, wako nyuma, ubingwa unaelekea Kolkata. Dakika ya 67 kijana William Lalnunfela akachomoa. 1-1. Dakika 23 zilizobaki sijui waliishi vipi. Kipenga cha mwisho, watu wameingia uwanjani, wengi walisafiri kwa magari kutoka Mizoram siku nzima na usiku. Hakuna klabu ya kaskazini mashariki iliyokuwa imewahi kuchukua ubingwa wa India kabla ya siku hiyo. Waliporudi nyumbani barabara ya kutoka uwanja wa ndege ilikuwa imejipanga watu mpaka mjini.

Wazee wa Mbeya watakuwa wanatabasamu hapa, maana Tukuyu Stars 1986 nao walipanda na kubeba ligi ya Tanzania msimu wao wa kwanza, tena na wao ni watu wa milimani. Nawaachia wenyewe mfananishe kilichofuata.

Kilichofuata kwa Aizawl ni hiki. Mei, kombe bado lina joto, Royte anaiandikia AIFF: sisi ni mabingwa wa nchi, mnataka kuifanya ISL iwe ya juu, tuingizeni. Akatishia mpaka kugoma kula hadi kufa. Sio utani, mabingwa wa nchi wanatishia kujinyima chakula ili waruhusiwe kucheza ligi kuu ya nchi yao. Juni wadau wakaitwa na AFC, shirikisho la mpira la Asia, kule Kuala Lumpur, ikaamuliwa ligi mbili ziende sambamba kwa muda. ISL ikaongeza timu mbili mwaka huohuo: Bengaluru FC, iliyo chini ya kampuni ya JSW, na Jamshedpur, ya Tata, ambayo ilikuwa haijacheza hata mechi moja. Haijacheza mechi! Imeingia. Bingwa yuko nje.

Kwanini? Rudi kwenye ile namba niliyokwambia uishike. Ada ya kuomba nafasi ISL ilianzia crore 15 kwa mwaka. Aizawl walichukua ubingwa kwa crore 2. Yani ada tu ya mlangoni ni zaidi ya mara saba ya hela iliyotengeneza mabingwa, kabla hujalipa mchezaji, basi wala maji ya kunywa. Nyuma yake kuna mkataba AIFF iliusaini 2010 na kampuni ya IMG-Reliance, miaka 15, crore 700, na aliyelipa ndo alichora ramani. Siwalaumu sana kutaka faida, mpira wa India ulikuwa unakufa na ISL imeleta viwanja vizuri, kamera na mishahara. Ninacholaumu ni kuita "ligi" kitu ambacho hakina mlango wa chini. Mlango huo ulikuja kufunguliwa baadae sana, Punjab wakapanda 2023 kama mabingwa wa I-League, miaka sita baada ya Aizawl.

Na timu isiyo na mlango wa kupanda haiwezi kushika watu wake, hilo nalo ni hesabu. Khalid akaenda East Bengal, na Al-Amna na Brandon wakaenda naye. Kamo na Kingsley wakaenda Mohun Bagan, yani kwa walewale ambao Aizawl waliwanyima kombe. Lalruatthara akaenda Kerala Blasters na msimu wa kwanza tu akachaguliwa mchezaji chipukizi wa ISL. Ndani ya wiki chache kikosi kimetawanyika. Januari 2018 wakaenda Iran kucheza mchujo wa ligi ya mabingwa Asia na Zob Ahan, wakiwa na timu nusu mpya, wakafungwa 3-1, na heshima yao walirudi nayo. Ubingwa hawajauona tena.

Cha kushangaza wale waliowazunguka ndo walipotea. DSK Shivajians, wenye kinga, walivunjwa 2017 hiyohiyo. Mumbai FC, waliomtimua Khalid kwamba mpira wake hauna mvuto, msimu ule ule wa Aizawl walimaliza wa mwisho, wakashuka, na klabu ikafa. Aliwabeba miaka saba, walipomshusha mgongoni hawakuweza kutembea hata msimu mmoja.

Ila shamba bado linazaa. Lallianzuala Chhangte wa Lunglei amekuwa mchezaji bora wa India. Apuia, wa Aizawl, yuko Mohun Bagan, ametangulizwa na wengi kwenye ile njia ya Mama. Hao ni watoto wa jimbo la watu milioni moja.

Na Khalid? Alipita NorthEast United, 2021 akawa Mhindi wa kwanza kupewa timu ya ISL moja kwa moja na sio kushikilia kwa muda, akaenda Jamshedpur, na Agosti 2025 akakabidhiwa timu ya taifa. Haijawa mteremko, Oktoba walifungwa na Singapore 2-1 hapohapo Goa na safari ya Asian Cup 2027 ikaishia hapo. Lakini Septemba, kabla ya hapo, kwenye CAFA Nations Cup, mashindano ya Asia ya Kati, kule Hisor, Tajikistan, walikutana na Oman kutafuta nafasi ya tatu. Oman wakatangulia, Udanta wa India akachomoa dakika ya 80, penati India 3-2.

Binamu yangu anaishi Muscat, Mzanzibari wa kule kama mnavyowajua, usiku ule kanitumia voisi ya dakika mbili amekasirika kweli, wamefungwa na India jamani, alafu yule kocha wao kakaa kimya benchi nzima midomo inatembea tu, nani huyu? Nikamtumia klipu ya dakika ya 83.